Mkia wa Kitenzi

Jina langu Persila, na Daktari Hushang alilicheka
siku ya kwanza, kitambulisho changu mkononi:
"Wewe umetangulia kufika kwetu kwa jina."
Wagonjwa wa Kondele humwita Daktari Ushanga.
Haoni ubaya. Huandika "Ushanga" kwenye risiti.

Saa nane mchana, umeme wa Kisumu ukipotea
na kiti cha meno kukwama nusu juu, nusu chini,
hunifundisha vitenzi vya kwao kwenye bahasha za eksirei.

Kwetu mtu hutangulia: ni-, u-, a-,
hupiga hodi kabla tendo halijaingia.
Kwao tendo huingia kwanza, mtu akafuata kama mkia:
raftam, nilienda. Rafti, ulienda.
Raftim, tulienda, sote na mizigo yetu.
Ukitaka wakati wa sasa, shina lenyewe hugeuka sura,
raft inakuwa rav, unaivika mi- kichwani:
miravam, ninaenda.
"Mbona neno moja, mashina mawili?"
"Aliyekwisha kwenda," akasema, akipangusa miwani,
"hafanani na anayekwenda."

Mengine yalinichekesha. Zadan ni kupiga,
nao, kama sisi, hupiga kila kitu:
hupiga kengele, kumbe ni simu,
hupiga herufi, kumbe wanazungumza,
na mswaki, jamani, mesvak zadan!
Nikamgeukia mtoto wa Mama Atoti, shavu limevimba:
mesvak bezan, we kijana!
Akafumba mdomo, ikabidi tumhonge peremende,
dawa ya ajabu kwa kliniki ya meno.

Nao hula visivyolika. Hula kiapo, kama sisi.
Wakianguka hula ardhi, sisi hula mweleka.
Wakihuzunika hula huzuni.
Hiyo, nikasema, naijua. Haihitaji chumvi.

Ndipo akaiuliza pete.

Obiero alienda Busia kununua injini ya kinu.
Alisema atarudi Jumanne. Hii ni miaka tisa ya Jumanne.
Mama mkwe hataki nilie, wala hataki nicheke.
Si mjane. Si mke. Kwenye fomu ya benki
naacha nafasi wazi, karani ananisukumia kalamu.

Daktari hakunipa pole. Alirudi kwenye bahasha,
pale alipokuwa ameruka mstari:
raftam, rafti, halafu
raft. Alienda.
"Mkia uko wapi?"
"Hakuna. Mimi ninao, wewe unao, wao wanao.
Yeye peke yake hana."

Niliitazama ile nafasi hadi wino ukakauka.
Kiswahili changu hakijawahi kunihurumia hivyo:
kila nikisema alienda, a- imesimama mbele,
imevaa koti alilolisahau kwenye msumari,
imeziba mlango.

Umeme ukarudi. Kiti kikapanda chenyewe, kikilia.
Tukamng'oa gego seremala mmoja wa Manyatta
aliyeomba apewe jino lake, akalifunga kwenye leso.

Jioni nikapita Kibuye, mvua inanusa lami,
wauza mitumba wanafunika marobota.
Nikajaribu kwa sauti ndogo: raft.
Muuza nyanya akadhani nauliza bei.
"Hamsini fungu, mama."
Raft.
"Basi arobaini."

Nikanunua. Na njiani likanijia somo la wiki iliyopita,
wakati ujao, jinsi unavyojengwa kwa kutaka:
khaham raft, neno kwa neno nataka, alienda,
na maana yake ni nitaenda.
Hata -ta- yetu, husema watu wa sarufi,
ni taka iliyokatika njiani.
Ile raft ileile, isiyo na mtu,
imekaa ndani ya safari yangu mwenyewe.

Koti sijaligawa. Nimelihamisha tu,
kutoka msumari wa mlangoni
hadi ule wa nyuma, karibu na jiko,
pale ambapo kwao mtu hukaa.
Nyanya mbili zilikuwa zimeoza.